Tembo wa Mikumi Tuliyemwona Kinondoni

Mume wangu na mimi tulimaliza miaka ishirini na minne ya ndoa bila kulala chumba kimoja Dar es Salaam hata siku moja. Si kwamba hatukuwahi kufika. Tulifika mara tano au sita, kwa harusi, kwa misiba, na mara moja kumpeleka mtoto chuo. Lakini kwa msomaji asiyezijua desturi zetu itabidi nieleze. Ukitoka Njombe kwenda Dar na una ndugu huko, unafikia kwa ndugu, na jambo hilo haliulizwi. Nyumba ya ndugu yetu, kule Gongo la Mboto, ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Wanawake walilala chumbani, wanaume sebuleni, na watoto walishushwa kwenye mkeka ili mgeni apate kitanda. Mke na mume mnatakiana usiku mwema mbele ya watu wote, kama wanafunzi wa bweni. Mchana mnakaa. Kila anayekuja kuwasalimia anawakuta mmekaa, na soda inaagizwa dukani. Siku ya nne mnapanda basi kurudi, na ukiulizwa umeona nini Dar, unasema umeona ndugu.

Sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, na nimewafundisha watoto wa watu kwamba mgeni ni wa nyumba nzima. Nilichotaka mara ile kilikuwa kidogo tu: siku nne za kutembea mjini na mume wangu, bila kumsalimia mtu. Wazo lilikuwa langu. Naliandika hapa mwanzoni ili asije akabebeshwa mtu mwingine.

Ndugu mwenyewe alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mitatu na mume wangu minne. Aliacha shule akambeba. Alikuwa akimwambia kila mtu, hata mbele ya makarani waliofanya kazi na mume wangu ofisini, kwamba mgongo wake una alama ya tumbo la mdogo wake. Baadaye aliolewa na mchonga vinyago wa kutoka kusini, wakahamia Dar. Mume alikufa mapema akamwachia binti mmoja, na kipande cha mpingo ambacho hakikumalizwa kuchongwa, ambacho wifi alikitumia kuzuia mlango usijifunge. Kisha akapata sukari. Kidonda cha mguuni kilimsumbua mwaka baada ya mwaka, na kila Krismasi alikuwa akipiga simu: "Njooni mnione kabla sijaisha. Naisha kuanzia chini kama mshumaa uliogeuzwa." Alicheka sana akisema hivyo, na sisi tulicheka naye.

Tulikwenda wakati wa likizo ya Juni, tukafika Jumanne jioni, bila kumwambia mtu. Tulikubaliana kwamba kwa wifi tungekuja Desemba, wazi kabisa, na gunia la viazi, kama wageni wa kweli.

Gesti ilikuwa Kinondoni, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa mageti. Dada wa mapokezi alituangalia, akaangalia kitabu, akatuangalia tena.

"Chumba kimoja?"

"Kimoja," mume wangu akasema, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayekiri kosa.

"Kitanda kimoja?"

"Sisi ni mke na mume, binti."

"Eh, mie sijasema kitu, baba. Mnawaonaga wenzenu wanaokuja hapa? Hakuna hata mmoja anayeniambia hivyo." Akatupa ufunguo na taulo mbili. "Nyie wazee nimewapenda bure."

Ndani, mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akakijaribu kwa mikono kama anayenunua. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nataka hili lijulikane pia. Tulifurahi, na furaha ile haikuwa ya uongo.

Jumatano tulikwenda kwenye kijiji cha makumbusho kuona nyumba za makabila. Mume wangu aliikuta ya watu wetu, akainama akaingia, akatoka akitikisa kichwa. "Waliojenga hapa walikuwa warefu. Mlango wa bibi yangu mtu alikuwa anainama mpaka anasalimia." Jioni tulikula mihogo ya kuchoma ufukweni, na tulipoondoka alinishika mkono, mbele za watu, na mkono wake ulikuwa bado na pilipili. Ukiwa na miaka hamsini na mmoja, jambo kama hilo unalikumbuka.

Alhamisi tulipanda treni ya umeme hadi Pugu na kurudi, kwa ajili ya kuipanda tu. Karibu na Gongo la Mboto njia imeinuliwa kwenye tuta, unayaona mabati ya watu yanapita kwa wingi. Mume wangu aliweka kidole kwenye kioo.

"Dada yuko kule. Nyuma ya ule mnara."

"Desemba, baba watoto," nikamwambia.

Akakiondoa kidole.

Simu ilikuja saa tisa alasiri, tukiwa tumerudi chumbani tumevua viatu. Ilikuwa namba ya binti yake, lakini sauti ilikuwa ya wifi. Mume wangu aliweka spika, kama tunavyofanya siku zote, ili wote tusalimiane.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Mko wapi?"

"Tuko nyumbani."

Alisema upesi, bila kufikiri, jinsi mtu anavyosema "salama" hata akiwa anaumwa. Neno lilikuwa limeshatoka. Chini yetu fundi wa mageti alikuwa anagonga chuma.

"Mnajenga?"

"Jirani anatengeneza geti."

"Haya. Sikiliza, mdogo wangu. Huu mguu umekuwa mweusi. Jana daktari kaniambia nilazwe kesho, ukatwe. Huyu mtoto wangu analia tu, hana la kunishauri. Nimemwambia sikatwi kitu mpaka mdogo wangu aje nimwone, tuongee, yeye ndiye aweke sahihi. Wewe ndiye baba yangu sasa."

Mume wangu alisimama. "Dada, nenda hospitali. Mimi nitakukuta huko."

"Siendi. Wakishanilaza wataniwahi, wakate kabla hujaja. Nakusubiri hapa hapa."

"Basi nakuja leo. Nitapanda basi la usiku."

"La usiku hapana! Unataka niwazike wawili? Pandeni la asubuhi, mje na wifi yangu, kesho jioni mtafika, Jumamosi tunaenda wote. Siku moja tu. Huu mguu umenibeba miaka sitini, hauwezi kunisubiri siku moja?" Akacheka. Kisha pumzi ikamkatika kidogo, akatuaga.

Mume wangu alianza kuvaa viatu.

Hapa ndipo ninapopaswa kueleza polepole, maana nimejieleza mwenyewe mara nyingi na bado sijaridhika. Kutoka pale hadi kwake ilikuwa saa moja, na kwa foleni mbaya saa moja na nusu. Nilimwuliza mume wangu: "Utamwambia umetoka wapi?"

"Nitamwambia ukweli."

"Kwamba tumelala hapa tangu juzi? Kwamba leo asubuhi tumepita juu ya bati lake tukiwa tunatalii?"

Kamba za kiatu zilibaki mikononi mwake.

"Mtu mgonjwa," nikasema, "anayekungoja kila Krismasi. Utamuua kwa neno hilo. Kesho jioni si mbali. Amesema mwenyewe kesho jioni."

Nilitumia sauti ninayotumia darasani, ya upole, ile inayomfanya mtoto aone kwamba jibu amelipata yeye mwenyewe. Nina kipaji hicho. Mume wangu alivua viatu tena.

Kisha nikakumbuka kwamba watu waliotoka Njombe hawafiki mikono mitupu. Tulikwenda Tandale sokoni jioni ile ile. Viazi vya kwetu vilikuwepo, vyekundu, bado vina udongo wetu. Mwuzaji alituuliza tunatoka wapi, maana lafudhi yetu haijifichi.

"Njombe," mume wangu akamwambia.

"Njombe! Halafu mnanunua viazi vya Njombe Tandale? Nyie vipi?" Akawaita wenzake. "Jamani, njooni muone, leo viazi vimefuatwa na wenyewe!"

Wakacheka wote. Tuliondoka na kiroba cha viazi na parachichi kumi, na mume wangu alikibeba begani bila kupumzika hadi gesti, kama aliyehukumiwa kukibeba.

Ijumaa tuliamka saa kumi na moja, kama ambao wanawahi basi kweli. Hatukupanga hivyo, wala hatukuulizana. Saa kumi na mbili simu ililia.

"Mmeondoka?"

"Tumeondoka, dada."

"Kuna baridi?"

"Kali. Kioo hakionyeshi kitu."

Chumbani feni ilikuwa inazunguka. Nilikwenda nikaizima ili isisikike, nikafunga na dirisha. Tulikaa hivyo siku nzima.

Tulikuwa tumedhani atapiga mara moja au mbili. Alipiga kila kituo. Alikuwa amelala, mguu unamwuma, hana kingine cha kufanya, na njia ile aliijua kwa majina ingawa hakuwa ameipita kwa miaka mingi. Mume wangu alichukua nyuma ya tiketi yetu ya kuja akaandika saa: Makambako saa moja, Mafinga saa mbili na nusu, Iringa saa nne. Alikuwa karani. Aliandika vizuri sana.

"Mafinga hapo," wifi alisema. "Wifi upo? Usimruhusu huyo anywe ulanzi, atalala mpaka Chalinze."

"Nimemshika, wifi."

"Mshike. Tangu mtoto huyo anatoroka."

Saa saba kasoro adhana ya Ijumaa ilianza, msikiti ukiwa mtaa wa pili, na simu ilikuwa sikioni. Mume wangu aliifunika kwa kiganja, akachelewa.

"Nasikia adhana," wifi akasema.

"Tumesimama Ruaha Mbuyuni. Kuna msikiti karibu."

"Basi mninunulie vitunguu vya hapo. Vile vyekundu."

Mume wangu alishuka akaenda kununua vitunguu kwenye genge la Kinondoni. Alipopanda nilimwona amekaza uso. Aliviweka kando ya viazi, na chumba kikaanza kunuka kama basi.

Simu ya Mikumi ilikuja saa nane na nusu. Sauti ya wifi ilikuwa imepungua. Alikuwa anasema maneno matatu, anapumzika.

"Mmeingia mbugani?"

"Tumeingia."

"Mmeona nini?"

"Swala. Swala wengi, na nyani barabarani."

"Tembo?"

Mume wangu aliniangalia. Nilidhani atasema hapana.

"Yupo, dada. Ndiyo huyu hapa. Dereva amepunguza mwendo."

"Upande gani?"

"Kulia. Karibu na barabara. Ana mtoto wake. Mtoto yuko chini ya tumbo, anatembea anapokanyaga mama."

"Mkubwa?"

"Mkubwa sana. Sikio moja limechanika. Sasa anatuangalia. Mtoto amejificha nyuma ya mguu." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye shati, lakini sauti yake haikutetemeka. Aliendelea kumweleza rangi ya vumbi mgongoni, mkia, jinsi mama alivyomsukuma mtoto kwa mkonga wakavuka. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile, hata siku aliponiposa.

Wifi akasema, "Mie sijawahi kumwona. Nilipokuja huku nililala njia nzima. Asante, baba."

Baada ya simu hiyo nilimwambia mume wangu: "Twende. Twende sasa hivi, tuseme chochote."

"Tuko Mikumi," akanijibu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake hesabu. "Nimemwambia tuko Mikumi. Anamfikiria yule tembo. Unataka nimwondolee na hicho?"

Saa kumi na moja alipiga binti. Alikuwa ameshatoka nyumbani. "Mjomba, nakuja kuwapokea Mbezi. Niko Kinyerezi hapa."

"Rudi! Rudi kwa mama yako, sisi tutafika wenyewe."

"Mama mwenyewe kanifukuza. Anasema mtapotea na mizigo. Yuko na mama jirani. Mmefika wapi?"

"Chalinze," mume wangu akasema. "Tafadhali rudi."

"Mjomba bwana! Nimeshafika nusu. Tutaonana stendi."

Kwa hiyo tulilazimika kwenda Mbezi. Mbezi ni stendi ya mabasi ya mikoani, upande wa magharibi kabisa, na Gongo la Mboto iko kwingine. Tulikodi gari. Njiani nikakumbuka kwamba Njombe ni baridi mwezi wa sita, na abiria wa kwetu hushuka na makoti. Tukavaa makoti ndani ya gari lile, na dereva akatuangalia kwenye kioo. Stendi tuliona basi la Njombe limeingia, watu wanashuka wamevimba miguu. Tukajichanganya nao. Mume wangu alisimama karibu na buti akiwa na kiroba miguuni, kama amekabidhiwa sasa hivi.

Binti alitukimbilia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, amevaa fulana ya kazini, ile ya kibanda chake cha kutuma pesa kwa simu.

"Shikamoo mjomba! Shikamoo anti! Poleni na safari. Anti, unatoka jasho hivyo, vua koti, huku siyo kwenu!" Akachukua kiroba. "Mama kanisimulia tembo mpaka nimechoka. Eti mtoto anatembea anapokanyaga mama yake. Mchana kutwa ni hilo tu."

Tulikuwa hatujalifikia gari wakati simu yake ilipolia. Alisikiliza. Alisema "Ehe" mara mbili. Kisha akaweka kiroba chini taratibu sana, kama chenye mayai, akakaa juu yake.

Aliyepiga alikuwa mama jirani. Wifi alikuwa ameomba maji, akanywa, akauliza kama tumeshafika Mbezi. Mama jirani akamwambia bila shaka wamefika. Wifi akageuka upande wa ukuta, na alipotazamwa tena alikuwa ameondoka.

Binti alituuliza jambo moja tu njia nzima ya kwenda Gongo la Mboto. "Nisingekuja huku ningekuwa naye, siyo?" Nilijibu mimi. Nilimwambia mama ndiye alimtuma, na mtoto anayetumwa na mama yake hana kosa. Lilikuwa jibu zuri, lenye faraja. Ningeweza kumpa mwanafunzi yeyote.

Msibani watu walitutendea vema kuliko tulivyostahili. Kila aliyeingia alitupa pole mbili, ya msiba na ya safari. Tuliwekewa maji ya kuoga kabla ya wengine. Wazee walimpisha mume wangu kiti: "Mwacheni apumzike, amesafiri siku nzima." Viazi vyetu vilimenywa na akina mama uani, na mmoja wao aliniambia viazi vya shambani kwa mtu vinajulikana, si kama hivi tunavyouziwa sokoni. Nilimwambia asante. Wanaume walilala nje chini ya turubai na sisi wanawake ndani kwenye mikeka, kama desturi ilivyo, na kwa mara ya kwanza niliishukuru, maana sikuweza kulala karibu na mume wangu, wala yeye karibu nami.

Siku ya maziko mwinjilisti alisimulia habari ya simu. Alikuwa ameisikia kwa mama jirani. Alisema marehemu alisafirishwa kwa upendo wa mdogo wake, kituo kwa kituo, mpaka mlangoni. Watu walilia. Familia ikaombwa kutoa neno la shukrani, na mume wangu alisimama, akashika ncha ya koti lake la Njombe. Kisha akasema, "Nashukuru," akakaa. Watu walisema amezidiwa na uchungu.

Sijui kama siku ile moja ingebadilisha kitu. Nilimwuliza daktari mmoja wa kwetu, kwa mbali, kama nauliza habari za mtu mwingine. Alisema mguu wa namna hiyo haungoji, lakini hata ukikatwa si lazima mtu apone. Nakupa jibu hilo jinsi nilivyopewa. Huwa nachukua nusu yake ya kwanza siku nyingine, na nusu ya pili siku nyingine.

Nyumbani, mume wangu alihamia sebuleni. Alisema ni mgongo.

Mwezi wa nane binti alikuja Njombe kuleta nguo za mama yake, ili ukoo ugawane. Hakuwahi kufika alikozaliwa mama yake. Aliondoka Mbezi alfajiri, na alipofika Morogoro akapiga simu. Alikuwa ameamua kutupigia kila kituo.

Saa nne akapiga tena, na mume wangu akaweka spika kama zamani.

"Mjomba, nimeingia Mikumi! Nimeomba nikae dirishani. Tembo wa mama alikuwa upande gani? Ulimwambia kulia, lakini nyie mlikuwa mnakuja, mie naenda. Kwa hiyo kwangu ni kushoto, siyo?"

Mume wangu alinyoosha mkono akanipa simu. Nilimwangalia. Nilijua ni kitu gani ningeweza kusema, na sauti ya kukisemea. Nikamrudishia.

"Ukifika nitakwambia," akamwambia mtoto.

"Mjomba, nikifika nitakuwa nimeshampita!"

"Nitakwambia."

Mume wangu alikwenda stendi saa mbili kabla ya basi kufika, akakaa kwenye benchi. Nilimfuata nikakaa kando yake. Simu ziliendelea: Ruaha Mbuyuni, Iringa, Mafinga, Makambako. Pale Ruaha Mbuyuni binti alikuwa amenunua vitunguu. Basi lilipoingia, alishuka na begi kubwa la nguo, na mume wangu alilipokea, akaliweka chini, na kabla salamu haijaisha akamwambia. Alimwambia yote, gesti, treni, viazi vya Tandale. Alisema "sisi" kila mahali. Nilimkatiza nikasema wazo lilikuwa langu, na mimi ndiye niliyemvua viatu siku ile.

Binti alisikiliza akiwa amesimama. Watu walikuwa wanatupita na mizigo.

"Kwa hiyo tembo hakuwepo."

"Hakuwepo," mume wangu akasema.

"Ile saa ninatoka nyumbani kuja Mbezi, nyie mlikuwa wapi?"

"Kinondoni. Tunafunga mizigo."

"Mngeniambia nisije."

"Nilikwambia usije."

"Hukuniambia kwa nini."

Safari hii sikumtafutia mume wangu jibu.

Alilala kwetu siku ile, kwa sababu hakukuwa na basi la kurudi mpaka asubuhi. Alilala nami kitandani, uso ukutani, na begi la nguo za mama yake miguuni pake. Saa kumi na mbili tulimpandisha basi. Aliniamkia shikamoo, akamwamkia na mjomba wake, kama alivyolelewa. Tulirudi nyumbani tukakaa sebuleni, simu mezani kati yetu. Saa moja ilipita, na saa mbili na nusu, na saa nne. Hakupiga kutoka kituo chochote.